Mchapaji si mchapishaji: mambo ya kujua kabla hujatoa kitabu chako mwenyewe

Mwalimu mmoja mstaafu, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Wanangu wa redio," alianza, "nina vitabu 840 chini ya kitanda, na mchwa wameanza kuvijua kuliko watu."

Mwalimu ameandika historia ya kata yao: koo zilivyohamia, shule ya kwanza ilivyojengwa, mwaka wa njaa, na majina ya mito ambayo vijana hawayajui tena. Alitumia miaka sita kuwahoji wazee, na wengi wa wazee hao sasa ni marehemu. Alipopata kiinua mgongo alitenga shilingi milioni 3, akapeleka kazi yake mjini kwa watu waliojitambulisha kuwa wachapishaji. Wakamkabidhi vitabu 1,000. Miaka miwili baadaye vilikuwa vimetoka 160 tu, na karibu nusu ya hivyo aliwagawia ndugu na marafiki bure.

Alimaliza kwa swali: "Kitabu ni kizuri, kila aliyekisoma anakisifu. Sasa kosa langu liko wapi?"

Tuliahidi kumjibu kwa maandishi, kwa sababu hayuko peke yake. Tunapokea ujumbe wa vijana walioandika riwaya nzima kwenye simu, wafugaji wanaotaka kutoa kitabu cha ufugaji wa kuku, akina mama wenye mapishi, watunzi wa mashairi. Wote wanauliza jambo moja: nitoeje kitabu changu mwenyewe bila kupoteza fedha zangu?

Herufi chache, tofauti kubwa

Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayofanana. Mchapaji ni mwenye mashine. Unampa kazi iliyokamilika, anapiga chapa, anajalidi, anakukabidhi mabunda yako, unamlipa, mnaagana. Hajali kama kitabu kina makosa wala kama kitanunuliwa.

Mchapishaji ni mtu mwingine. Yeye huusoma mswada na kuamua kama unafaa, hugharimia mhariri na msanifu wa jalada, humlipa mchapaji, hutangaza, husambaza, na hasara ikitokea hubeba yeye. Mwandishi halipi kitu. Hulipwa mrabaha, mara nyingi takriban asilimia 10 ya mauzo. Kampuni kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, ni mfano wa wachapishaji wa namna hiyo.

Unapoamua kutoa kitabu kwa fedha zako, kazi zote za mchapishaji zinahamia kwako. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la Mwalimu. Alimlipa mchapaji akidhani amemlipa mchapishaji. Vitabu vilipofika nyumbani, yeye alisubiri viuzwe, na wale wa mjini walishamaliza kazi yao. Kazi ya kutangaza na kusambaza haikuwa na mwenyewe.

Wapo pia watu wa aina ya tatu, na hao ndio wa kuwaogopa zaidi. Wanachukua fedha zako kama mchapaji, na papo hapo wanakusainisha mkataba unaowapa haki za kitabu kama mchapishaji. Mtu akikuomba ulipie gharama zote, basi haki zote, faili la kitabu na jalada vibaki vyako. Kabla ya kusaini, uliza maswali manne: Haki za kitabu ni za nani, na kwa miaka mingapi? Nakala ngapi zitachapwa? Nani atauza, na ataleta hesabu kila baada ya muda gani? Nikitaka kuchapa tena kwingine, nitapewa faili langu? Majibu yawe kwenye karatasi, si mdomoni. Ukiwa na mtoto au jirani anayeelewa mikataba, msomeeni pamoja.

Waliotangulia walifanya biashara pia

Jambo hili si geni kwetu. Ben Mtobwa, ambaye wasomaji wengi wa riwaya wanamjua kwa kitabu cha Dar es Salaam Usiku, alianzisha kampuni yake ya Heko Publishers na kutoa vitabu vyake humo. Elvis Musiba, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Willy Gamba, naye alitoa vitabu kupitia kampuni yake ya Continental Publishers. Kule Kenya, David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutoa vitabu vidogo vya bei nafuu vilivyosomwa sana mijini. Baadhi ya vitabu hivyo vilipigwa marufuku hapa Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili, na mwishowe Comb Books haikudumu.

Tunawataja kwa sababu moja. Walikuwa waandishi hodari, lakini walikubali pia kuwa wafanyabiashara. Walijua wanamwandikia nani, na msomaji huyo ana shilingi ngapi mfukoni.

Fanya hesabu kabla mashine haijawashwa

Bei za uchapaji hutofautiana mji kwa mji na mwaka kwa mwaka, hivyo uliza bei kwa wachapaji wasiopungua watatu. Hapa tutatumia tarakimu za mfano tu, ili uione njia ya kukokotoa.

Tuseme kitabu chako kina kurasa 96. Mhariri, mpangilio wa kurasa na jalada vimekugharimu jumla ya shilingi 500,000. Mchapaji anakuambia hivi: ukichapa nakala 200, kila moja ni shilingi 5,000. Ukichapa 1,000, kila moja ni shilingi 2,500. Wewe unataka kuuza kila kitabu kwa shilingi 10,000.

Nakala 200 zitakugharimu milioni 1, ukijumlisha na zile 500,000 inakuwa milioni 1 na nusu. Nakala 1,000 zitakugharimu milioni 2 na nusu, jumla milioni 3. Ukigawanya, kitabu kimoja katika fungu dogo kimesimama kwa shilingi 7,500, na katika fungu kubwa kwa shilingi 3,000. Hapo ndipo wengi hunaswa. Wanaona 3,000 ni nafuu, wanachapa 1,000.

Sasa tuseme umeuza nakala 120. Umeingiza milioni 1 na laki 2. Aliyechapa 200 bado anadai kitabu chake shilingi laki 3, na amebakiwa na nakala 80 za kuuza. Aliyechapa 1,000 bado anadai milioni 1 na laki 8, na ana nakala 880 chini ya kitanda. Kitabu ni kilekile na wanunuzi ni walewale. Nafuu ya mchapaji haikuwa nafuu yake.

Tofauti hiyo ya bei inatoka kwenye mashine. Mashine kubwa za ofseti zinahitaji kutengenezewa sahani maalumu kabla ya kuanza, na gharama hiyo ni ileile uchape vitabu 50 au 5,000. Kwa hiyo nakala zikiwa nyingi, kila moja inabeba sehemu ndogo. Mashine za kidijitali hazina sahani. Bei ya kila nakala iko juu, lakini unaweza kuchapa hata 30 au 50. Kwa kitabu cha kwanza, ushauri wetu ni kuanza na fungu dogo. Kikiisha, faili unalo, utachapa tena.

Hesabu nyingine inayosahaulika ni ya duka. Ukiacha kitabu dukani, mwenye duka naye atataka sehemu yake. Tuseme mmekubaliana asilimia 30. Katika bei ya 10,000 wewe utapokea 7,000. Kama kitabu kilisimama kwa 7,500, basi kila kinachouzwa dukani kinakupa hasara ya 500. Ni lazima ulijue hilo kabla ya kupanga bei, kwa sababu bei ikishachapwa nyuma ya jalada haibadiliki.

Ipo pia hesabu ya undugu. Katika mfano wetu wa nakala 200, vitabu 150 vya kwanza vinarudisha mtaji tu. Faida yako yote imo katika 50 vya mwisho. Ukigawa 50 bure kwa shemeji, wajomba na wenzako wa zamani, umegawa faida yote. Tenga mapema nakala chache za zawadi, tuseme 10, ziandike majina, na zikiisha waambie ndugu kwa upole kwamba kununua ndiko kukusaidia.

Kazi nne za kufanywa na mtu mwingine

Kazi ya kwanza ni kuhariri. Mhariri haangalii herufi tu. Anakuambia sura hii inarudia ile, mhusika huyu ulishamuua ukurasa wa 40, tarehe hizi hazipatani. Asiwe mkeo, mumeo wala rafiki anayeogopa kukuudhi. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anayependa kusoma anaweza kuwa mwanzo mzuri. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, nalo hutoa huduma ya kuhariri kazi za Kiswahili kwa malipo.

Ya pili ni kusoma prufu, yaani kusaka makosa yaliyobaki baada ya kurasa kupangwa. Macho yako yameshazoea maandishi yako, hayataona kosa. Mpe mtu ambaye hajawahi kuusoma mswada.

Ya tatu ni mpangilio wa kurasa. Katika uchapaji wa ofseti, kurasa za kitabu kwa kawaida hupangwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Ndiyo maana vitabu vingi vina kurasa 64, 80, 96 au 112. Kitabu chako kikifika kurasa 99, muulize msanifu kama anaweza kukibana kifike 96. Zile kurasa tatu zinaweza kukulazimisha kulipia karatasi za fungu jingine.

Ya nne ni jalada. Picha iliyookotwa mtandaoni ina mwenyewe, na ubora wake kwenye karatasi mara nyingi ni ukungu mtupu. Tumia picha uliyopiga au uliyolipia, na jina la kitabu lisomeke kwa mtu aliyesimama hatua tatu kutoka mezani.

Kabla ya kuruhusu mashine kuendelea, dai nakala moja ya mfano. Ifungue, ivute kurasa uone kama gundi imeshika, hesabu kurasa kama zinafuatana. Saini kwenye nakala hiyo. Vitabu vikija tofauti na mfano, una ushahidi.

Namba ya kitabu na haki yako

Geuza kitabu chochote ulichonacho nyumbani. Nyuma utaona namba ndefu inayoanza na 978. Hiyo ni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu duniani, na ina tarakimu 13. Vitabu vingi vya Tanzania hufuatia na 9976 au 9987, na vingi vya Kenya 9966. Hapa Tanzania namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Maduka ya vitabu na maktaba huitumia kuagiza na kutunza kumbukumbu. Omba namba kwa jina lako au la kampuni yako, kwa sababu namba inaonyesha nani ni mchapishaji. Sheria pia inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu kipya maktaba ya taifa, nawe sasa ni mchapishaji.

ISBN haikupi umiliki. Umiliki unatokana na hakimiliki, na hiyo unaipata pale tu unapoandika kazi yako mwenyewe. Kwa sheria ya Tanzania, haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, hivyo ni sehemu ya urithi wa watoto wako. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, si sharti la kuwa na haki, lakini kunakusaidia kuthibitisha pakitokea mgogoro. Kenya ofisi ya namna hiyo ni KECOBO.

Wizi wa karibu zaidi huanzia steshenari. Ukipeleka mswada kwenye flashi ili uchapwe, faili linaweza kubaki kwenye kompyuta ya watu. Simama hapo mpaka lifutwe, hata kwenye kapu la takataka. Na usimtumie mtu yeyote kitabu kizima kwenye WhatsApp "akisome tu". Kikishaingia kwenye kundi moja, hakirudi.

Anza kuuza kabla hujachapa

Swali la kwanza la mauzo ni hili: taja watu 50 watakaonunua, kwa majina. Ukisema "Watanzania wote", bado hujapata soko. Kitabu cha Mwalimu kina wasomaji wa kweli: watu wa kata ile, watoto wao walioko Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, walimu wa historia wa shule za jirani, na wanafunzi wake wa miaka 30. Hao wanajulikana walipo.

Ukiwa na orodha, tangaza kitabu miezi miwili kabla. Onyesha jalada. Pokea oda, na wanaotaka walipe mapema kwa simu. Andika kila jina, namba na kiasi kwenye daftari, taja tarehe ya kukabidhi, na ukichelewa waambie mapema. Fedha hizo ni amana. Usizitumie kwa pembejeo wala karo ukitegemea kuzirudisha. Kama baada ya miezi miwili umepata oda tano tu, shukuru kwamba umejua kabla ya kuchapa.

Vijijini kwetu duka la vitabu ni nadra, lakini mikusanyiko ipo. Mahafali ya shule, mikutano ya wazazi, siku ya mnada, mikutano ya ushirika baada ya malipo ya mazao. Omba ruhusa kwa wenye shughuli, weka meza, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Panga kutoa kitabu kipindi watu wana fedha. Kitabu kilichotoka mwezi wa njaa, kabla ya mavuno, kinaanza safari kikichechemea.

Kwa walio mbali, basi hubeba vifurushi. Muulize wakala nauli kabla ya kumwambia mteja bei, ili nauli isile faida yako. Funga kitabu kwenye nailoni kisha bahasha ngumu, piga picha ya stakabadhi na umtumie mteja.

Simu yako ni meza ya pili. Eric Shigongo alijijengea wasomaji kwa kutoa hadithi kwa sehemu magazetini kabla ya kuwa vitabu, na msomaji alisubiri toleo lijalo. Wewe unaweza kusoma kurasa mbili kwa sauti, ukaweka kwenye hali ya WhatsApp, na kuishia pale pazuri. Toa sura ya kwanza bure, mwisho wake uandike bei na namba ya kulipia. Redio za jamii pia hupenda wageni wenye jambo la kusimulia. Ukija, njoo na kisa kimoja kutoka kitabuni, si maelezo ya jinsi ulivyohangaika kukiandika.

Ukitaka kuuza kitabu cha mtandaoni, soma kwanza masharti: kama wanapokea vitabu vya Kiswahili, wanakata asilimia ngapi, na watakulipaje huku uliko. Ukitaka kitabu kitumike kama cha ziada au kiada shuleni, Tanzania kinapitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtu akikuahidi "nitakiingiza shuleni" kwa kumpa kitu kidogo, achana naye.

Kwa wenye riwaya na mashairi kuna njia nyingine isiyohitaji mtaji. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell hupokea kazi za Kiswahili. Masharti hutangazwa upya kila zinapofunguliwa, yasome kabla ya kutuma. Vyama vya waandishi, kwa mfano UWARIDI kwa watunzi wa riwaya, ni mahali pa kuuliza mhariri gani ni mwaminifu na mchapaji gani anatimiza tarehe.

Vitabu vilivyoko chini ya kitanda

Shikamoo Mwalimu. Vile 840 bado vina uhai. Viondoe sakafuni leo hii. Viweke juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta, kwenye maboksi yenye nailoni, na uvikague kila wiki. Vilivyoliwa pembezoni viuze kwa bei ya chini, lakini mwambie mnunuzi kabla hajalipa.

Kisha chukua daftari. Andika majina 50 ya wanafunzi wako wa zamani walioko mijini na uwapigie, kumi kila jumamosi. Wengi wao babu zao wamo kitabuni, waambie ukurasa wa ngapi. Nenda shule tatu za jirani uzungumze na walimu wa historia. Kwenye mahafali yajayo omba dakika tano. Usivisubiri vijiuze, kwa sababu mchapishaji uliyekuwa unamsubiri ni wewe.

Tulimsomea Mwalimu majibu haya kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuja studio siku moja asimulie kisa cha mto uliobadilisha jina. Tumempangia siku. Atakuja na vitabu 20, na safari hii, amesema, hatoi cha bure hata kwetu.